Pampu ni pampu, mbona tusubiri wiki 40?

*"Nashughulikia ununuzi wa vipuri katika kampuni ndogo ya ndege. Pampu ya haidroli ya injini moja imeharibika, na mtengenezaji anasema mpya itachukua wiki 40. Miaka ya nyuma ilikuwa miezi mitatu tu. Mkurugenzi anaona nimezembea. Anasema pampu ni pampu, viwanda vya pampu vimejaa duniani, kwa nini tumng'ang'anie huyu mmoja? Wakati huohuo dalali mmoja ameniandikia kwamba anayo, mpya, inaweza kusafirishwa kesho, na bei yake iko chini ya ile ya kiwandani. Nilipoomba fomu ya uthibitisho wa kipuri alinitumia picha, lakini namba ya mfululizo haisomeki vizuri. Ugavi wa vipuri vya ndege umepatwa na nini, utarudi lini kama zamani, na mimi nifanye nini sasa?"*

Tuanze na dalali, maana huyo ndiye anayesubiri jibu lako leo. Usimtumie pesa bado. Bidhaa inayogombaniwa dunia nzima haiuzwi kwa punguzo, na muuzaji halali wa vipuri vya ndege anajua kuwa picha ya fomu isiyosomeka namba haimsaidii mtu. Sisemi ni tapeli. Huenda alipiga picha vibaya, au alinunua mzigo wa kampuni iliyofungwa na anataka kuuondoa haraka. Lakini hilo ni lake kulithibitisha, si lako kuliamini.

Mwombe nakala safi ya fomu, picha ya kibati cha taarifa kilicho kwenye pampu yenyewe, na karatasi zinazoonyesha pampu ilipitia mikono ya nani tangu itoke kiwandani. Kisha kaa na fomu hiyo uisome kisanduku kwa kisanduku. Ikiwa ni Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, kisanduku cha 3 kina namba ya fomu, cha 8 namba ya kipuri, cha 10 namba ya mfululizo, na cha 11 kinasema hali yake: ni mpya, imekarabatiwa, imefanyiwa matengenezo makubwa, au imekaguliwa tu. Chini, upande wa kushoto ni wa mtengenezaji na wa kulia ni wa karakana ya matengenezo. Pampu inayoitwa mpya ikiwa imesainiwa upande wa kulia, hapo pana swali. Cha 12 ni cha maelezo, na ndicho ambacho wanunuzi wengi hukiruka, ingawa mara nyingi ndimo lilimoandikwa jambo lenye uzito. Ukimaliza, wasiliana na kampuni iliyotoa fomu uwaulize kama namba hiyo ni yao. Anwani yao itafute kwenye orodha rasmi ya mamlaka iliyoiidhinisha. Usitumie simu iliyoandikwa kwenye fomu, kwa sababu anayeghushi fomu hashindwi kughushi namba ya simu.

Hii si hofu ya kubuni. Mwaka 2023 ilibainika kwamba kampuni ya Uingereza iitwayo AOG Technics ilikuwa imeuza maelfu ya vipuri, vingi vya injini za CFM56, kwa hati za kughushi. Mafundi wa shirika la ndege la Ureno, TAP, walitilia shaka kipuri kilichoonekana kizee kuliko karatasi zake, wakamuuliza mtengenezaji, Safran, naye akathibitisha kwamba hati haikuwa yake. Mashirika ya nchi mbalimbali yakalazimika kufungua injini kuvitafuta vipuri hivyo. Ulaghai wote ulinaswa na mtu aliyetazama chuma, akatazama karatasi, akaona havifanani. Kazi hiyo sasa ni yako.

Sasa tumjibu mkurugenzi. Hoja yake ina mantiki ya kawaida: kitu kikikosekana kwa huyu, nenda kwa mwingine. Kwenye magari inakubalika. Kwenye ndege, kinachoidhinishwa ni pampu ile, iliyochorwa na kampuni ile, kwa malighafi ile, ikapitia tanuri lile na ukaguzi ule. Kiwanda kingine chenye mashine bora zaidi kinaweza kukutengenezea kitu kinachosukuma mafuta kwa shinikizo lilelile, lakini hakuna fundi mwenye leseni atakayekifunga, kwa sababu hakuna aliyeonyesha kwamba kitadumu saa zinazotakiwa bila kupasuka. Katika biashara hii unanunua chuma pamoja na historia yake. Chuma kisicho na historia ni skrepa, hata kama kinang'aa.

Nataka uifuatilie pampu yako nyuma kidogo, maana jibu la wiki 40 limelala huko. Kampuni iliyokupa tarehe hiyo kwa kawaida hufanya kazi ya mwisho: kuunganisha sehemu, kuijaribu pampu kwenye mtambo wa majaribio, kusaini fomu. Hiyo ni kazi ya siku, si ya miezi. Lakini gamba la pampu ni aloi iliyomiminwa kwenye kalibu katika kiwanda kingine. Likitoka huko linakwenda kwenye tanuri ili lipate ugumu unaotakiwa, kisha linapigwa picha ya eksirei kuona kama kuna viputo ndani, linachongwa, linapakwa rangi maalumu ya kuonyesha nyufa, kisha linatiwa dawa ya kuzuia kutu. Beringi zinatoka kwa mtu mwingine, tena za chuma ambacho viwanda vichache tu huyeyusha kwa usafi unaotakiwa. Sili za mpira zinatoka kwa mwingine. Hatua kama tanuri, eksirei na dawa kwa kawaida hufanywa na karakana zenye ithibati ya pekee, inayoitwa Nadcap, na eneo zima la viwanda linaweza kuwa na karakana mbili tu za aina hiyo. Ukiwa na saa, ukapima muda ambao gamba hilo linaguswa na mkono au mashine, utapata siku chache. Muda wote uliobaki liko rafuni likingoja zamu.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani muda umeongezeka kwa sababu watu wamekuwa wavivu au mashine zimepungua mno. Foleni haiendi hivyo. Chukua kielelezo rahisi kabisa cha foleni, cha mashine moja na kazi zinazoingia bila mpangilio. Mashine ikiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, kila kipuri kitasubiri wastani wa mara 4 ya muda wa kukichonga. Ifikishe asilimia 95, subira inakuwa mara 19. Kazi iliyoongezeka haifiki hata moja ya tano, lakini subira imekaribia kuzidishwa mara tano. Kisha kumbuka kwamba gamba lako linapita vituo vitano au sita vya namna hiyo, na kwamba pampu haiunganishwi mpaka sehemu ya mwisho kabisa ifike. Ikichelewa sili, gamba na beringi vinakaa tu vikisubiri.

Na vituo hivyo vimejaa kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 2020 safari za ndege zilikoma karibu dunia nzima, oda zikakatwa, viwanda vikapunguza watu. Walioondoka wa kwanza mara nyingi walikuwa wazee waliokaribia kustaafu, wale wanaojua kwa kutazama rangi tu kwamba tanuri halijakaa sawa. Safari ziliporudi, mashine zilikuwapo, mikono haikuwapo. Mkaguzi wa nyufa haajiriwi Jumatatu akasaini Ijumaa. Lazima atimize saa za mafunzo chini ya mwenye cheti. Februari 2022 vita vya Ukraine vikaongeza la pili. Kampuni ya Urusi ya VSMPO-AVISMA ilikuwa muuzaji mkubwa wa titani kwa watengenezaji wa ndege wa Magharibi, na waliotaka kuiacha walilazimika kuthibitisha upya malighafi ya kila sehemu, kazi iliyokwenda kwenye maabara na matanuri yaleyale ambayo tayari yalikuwa na foleni.

Halafu yakaja ya injini. Julai 2023 kampuni ya RTX, inayomiliki Pratt & Whitney, ilitangaza kwamba unga wa chuma uliotumika kutengenezea diski za injini za Pratt & Whitney zinazobeba Airbus A320neo ulikuwa na uchafu, na kwamba uzalishaji ulioguswa ulianzia mwisho wa 2015 hadi 2021. Injini 600 hadi 700 za ziada zilitarajiwa kushushwa kati ya 2023 na 2026, kila moja ikikaa nje ya bawa siku 250 hadi 300. Tazama jinsi kosa lilivyozaliwa chini kabisa, kwenye unga, likapita ngazi zote na kuja kuonekana miaka kadhaa baadaye ndege zikiwa tayari zinabeba abiria. Januari 2024 paneli iliyoziba mlango usiotumika ilichomoka kwenye Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ikiwa angani; wachunguzi walikuta boliti nne za kuishikilia hazikuwapo. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaiwekea Boeing kikomo cha ndege 38 za aina ya 737 kwa mwezi, na baadaye mwaka huohuo mafundi wapatao 33,000 wakagoma kwa zaidi ya wiki saba. Februari 2025 moto uliteketeza kiwanda cha boliti na viungio vya ndege cha SPS Technologies huko Pennsylvania. Boliti! Boeing walishalijua somo hilo: Julai 2007, walipoitoa ndege yao ya 787 ya kwanza hadharani, sehemu yake kubwa ilikuwa imeshikwa na viungio vya muda kwa sababu vya kweli havikupatikana, na mteja wa kwanza aliipokea Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu baada ya tarehe iliyoahidiwa.

Utauliza: haya ya Boeing na Airbus yananihusu nini mimi mwenye ndege chache? Yanakuhusu kwa njia mbili. Ndege mpya zikichelewa, mashirika yanaendelea kurusha za zamani, na za zamani zinakula vipuri zaidi. Na kiwanda kinachomimina gamba la pampu yako ndicho hichohicho kinachomimina magamba ya ndege mpya. Mteja wake mkubwa ana mkataba wenye faini, wewe una oda ya pampu moja. Sihitaji kukueleza nani anahudumiwa kwanza.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi, nalo tunajifanyia wenyewe. Mnunuzi akisikia wiki 40 anaagiza pampu mbili badala ya moja, na mwingine anaagiza kwa wauzaji watatu akitumaini mmoja atawahi. Msambazaji anaona oda zimeongezeka, anaongeza na zake juu. Zikifika kwa mmiminaji wa magamba, oda za hofu zinaonekana kama soko limekua maradufu. Foleni inarefuka, wiki 40 zinakuwa 50, hofu inazidi. Siku mambo yakitulia oda hizo zinafutwa kwa mkupuo, na yule mmiminaji aliyekopa kununua tanuri jipya anafilisika. Wamiliki wenye umri hukumbuka hilo, ndiyo maana hawakimbilii kupanua viwanda hata oda zinapofurika. Wanaitwa wakaidi, lakini mimi nawaelewa.

Kwa hiyo kuhusu swali la lini: usipange kazi yako ukitegemea kwamba miezi mitatu itarudi karibuni. Viungo vinavyobana zaidi, yaani kumimina na kufua vyuma vikubwa, havijengwi haraka. Mashinikizo mawili, yaani mitambo ya kufua chuma kwa nguvu ya tani 50,000, yaliyojengwa Marekani kwa mpango wa jeshi la anga, moja Grafton na jingine Cleveland, yalianza kazi mwaka 1955, na bado ni uti wa mgongo wa ufuaji wa sehemu kubwa za ndege. Wanaokuambia uchapishaji wa chuma kwa kompyuta utamaliza tatizo wanasema nusu. Ncha za kunyunyizia mafuta kwenye injini ya LEAP huchapishwa hivyo, na sehemu kama 20 zimekuwa moja. Lakini zilisanifiwa na kuidhinishwa kwa njia hiyo tangu mwanzo. Gamba la pampu ya zamani lililoidhinishwa kwa kumiminwa haliruki kwenda kwenye printa bila kupitia uthibitisho upya, na kwa pampu chache kwa mwaka hakuna atakayelipia gharama hiyo.

Tuje kwenye pampu iliyo mikononi mwako. Kabla ya kutafuta mpya, umeuliza kama ile mbovu inatengenezeka? Nashangaa mara ngapi swali hili linarukwa. Karakana yenye idhini inaweza kubadili sili na beringi na kuirudisha na fomu halali kwa muda mfupi kuliko wa mpya, ilimradi gamba halijapasuka. Waulize kwanza kama sehemu za ndani wanazo rafuni. Wakisema "tutaagiza", umerudi kwenye foleni ileile kwa mlango wa nyuma.

Njia ya pili ni kubadilishana: wanakupa pampu iliyokarabatiwa, wewe unawarudishia yako. Ni ya haraka, nami huipenda, ila soma mkataba. Mara nyingi utatakiwa kuirudisha mbovu ndani ya siku zilizotajwa, pamoja na barua inayothibitisha kwamba haikutoka kwenye ndege iliyopata ajali au moto. Ikionekana haitengenezeki, utalipishwa kama umenunua mpya. Kampuni ndogo zimeumizwa sana na kifungu hicho.

Vipuri vilivyotolewa kwenye ndege zilizostaafishwa navyo ni halali kabisa vikiwa na historia kamili na vimepita karakana yenye idhini. Tatizo ni kwamba kila mtu anavitaka sasa, na ndege zinazostaafishwa ni chache kwa sababu mashirika yanazishikilia. Kuna pia vipuri vya PMA, yaani vilivyotengenezwa na kampuni nyingine kwa idhini ya FAA. Kwa pampu nzima pengine hutapata, lakini kwa sili na beringi za ndani inawezekana. Kabla ya kuvigusa, hakikisha mamlaka yenu inavikubali na, kama ndege ni ya kukodi, kwamba mwenye ndege hajavikataza kwenye mkataba. Wengi huvikataza.

Wakati huohuo mwombe mhandisi afungue MEL ya ndege yenu, orodha inayosema ni kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege bado ikaruka. Vingi huangukia kundi B, siku 3, au C, siku 10. Kundi D hupewa siku 120. Kama mfumo wenu wa haidroli una nafasi humo, umepata siku chache za kupumua. Kama hauna, ndege inakaa chini, na hakuna maelewano ya mdomo yanayobadilisha hilo.

Orodha hiyohiyo ikusaidie kupanga stoo. Kampuni nyingi huweka akiba kwa kutazama bei au kwa kutazama kilichoharibika mwezi uliopita. Tazama badala yake vitu viwili: je, kikikosekana ndege inalala, na je, kinachukua muda gani kufika. Tuseme ndege zenu zote kwa pamoja hung'oa pampu 4 kwa mwaka. Ugavi ukiwa wa miezi mitatu, wastani wa zitakazoharibika kabla ya oda kufika ni 1. Ukiwa na mbili, ukihesabu zilizopo stoo pamoja na zilizo njiani, uwezekano wa kuishiwa ni kama asilimia 8 kwa hesabu ya Poisson, ile ya matukio yanayokuja bila mpangilio. Sasa muda umekuwa miezi tisa, wastani ni 3. Anayesoma wastani ataweka tatu na kulala usingizi. Kumbe uwezekano wa kuihitaji ya nne kabla oda haijafika ni asilimia 35. Ukitaka kurudi kwenye ile asilimia 8, unahitaji tano. Pampu tatu za nyongeza hazikuletwa na uharibifu kuongezeka wala uzembe wako. Zimeletwa na muda. Ila usizinunue zote mpya na kuzisahau, maana sili za mpira zina tarehe ya kuisha hata zikiwa kwenye boksi. Kwa kampuni ya ukubwa wenu, kushirikiana akiba na mwendeshaji mwingine wa aina ileile ya ndege, au kulipia huduma ya vipuri kwa kila saa ya kuruka, huenda kukawa na nafuu kuliko kufungia mtaji rafuni. Nasema huenda, kwa sababu mikataba ya kulipia kwa saa ina kima cha chini, na ndege zisiporuka sana unalipia hewa.

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyamaliza kwa barua pepe wala kwa ushauri wangu. Fomu ya dalali ikikataliwa na aliyedaiwa kuitoa, usiirudishe kimya kimya na kuomba pesa zako. Mpelekee meneja wa ubora siku hiyohiyo, pampu kama imeshafika itengwe na kufungiwa, na taarifa iende mamlaka ya usafiri wa anga, kwa sababu dalali huyo ana wateja wengine. Kama kuna kipuri chake kingine ambacho tayari kimefungwa kwenye ndege, mhandisi mwenye leseni akitazame kabla ya safari inayofuata. Mkataba wa kubadilishana au wa kulipia kwa saa usomwe na mwanasheria anayejua ukodishaji wa ndege. Na mkurugenzi wako usimpelekee habari za vita na migomo. Mpelekee ukurasa mmoja wenye vipuri kumi ambavyo vikikosekana ndege inalala, muda wa kila kimoja kufika mwaka jana na sasa, na gharama ya ndege kukaa chini kwa siku moja. Safu hiyo ya mwisho muombe mhasibu aijaze yeye.